Tiba ya homoni wakati wa kukoma hedhi: maana yake na inamfaa nani

Tiba ya homoni ni dawa anazopewa mwanamke anayekoma hedhi, ili mwili upate tena sehemu ya estrojeni, homoni ya kike ambayo ovari zimeacha kuitengeneza. Hairudishi uzazi wala ujana. Kazi yake ni kutuliza joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku na ukavu wa uke. Pia husaidia mifupa isidhoofike haraka.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55. Dalili huanza mapema zaidi, hedhi ikiwa bado inakuja kwa kurukaruka, na hapo ndipo kwetu Uganda wengi hupotea njia. Mama muuza nguo pale soko la Owino, Kampala, anaamka saa nane usiku, shuka limelowa chapachapa, moyo unamwenda mbio. Asubuhi anapima malaria, kipimo hakionyeshi kitu, lakini anaondoka na dozi ya malaria. Baada ya wiki chache anarudi kulekule. Ni kweli jasho la usiku laweza kuwa malaria au kifua kikuu, na lazima vipimwe. Ila vipimo vikiwa safi na mgonjwa ana miaka 48, mhudumu amwulize hedhi ya mwisho aliiona lini. Swali hilo halina gharama yoyote, na inaniuma kwamba haliulizwi. Senga, yaani shangazi, humwandaa binti kwa ndoa. Mambo ya umri huu ni nadra kuyasikia kinywani mwa mtu.

Inayotuliza dalili ni estrojeni. Lakini ikitumika peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, na ukuta huo waweza kuja kuota saratani. Kwa hiyo mwenye mfuko wa uzazi huongezewa homoni ya aina ya projesteroni ya kuulinda, na aliyekwisha kuondolewa mfuko hupewa estrojeni tu. Kuna vidonge, jeli ya kupaka na kiraka cha kubandika kwenye ngozi. Za ngozini hazionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge. Shida ikiwa ukavu wa uke pekee, krimu ya estrojeni kidogo inayopakwa ukeni hutosha. Dawa hizi si vidonge vya uzazi wa mpango. Vile vina homoni yenye nguvu zaidi, na tiba hii haizuii mimba.

Hofu kubwa ilianza mwaka 2002, baada ya utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative. Kwa waliomeza homoni mbili pamoja, saratani ya matiti iliongezeka kwa visa kama 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na kiharusi na kuganda kwa damu vikaongezeka pia. Kilichosahaulika ni kwamba wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa mwenye afya njema anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari.

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, au mwenye ugonjwa wa ini, kwa kawaida hapewi tiba hii. Zipo dawa zisizo za homoni za kupunguza joto. Anayemeza ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, amwambie daktari, kwa sababu baadhi yake, kama efavirenzi, hupunguza nguvu ya homoni.

Na kama hedhi imekoma mwaka mzima kisha damu ikatoka tena, hata tone, hiyo si hedhi iliyorudi. Apimwe kwanza kabla ya homoni yoyote, maana saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, na kutokwa damu ni mojawapo ya dalili zake.