Hatamu si breki ya bodaboda

Kila video ya farasi wakiruka viunzi ikipita kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dar, hakosekani wa kuandika: "Huyo bingwa ana mikono ya chuma." Jamani! Farasi ana kilo 500 na ushee. Mikono gani itamweza?

Lis Hartel wa Denmark aliugua polio mwaka 1944, akabaki amepooza chini ya magoti. Alikuwa akipandishwa na kushushwa. Mwaka 1952 kule Helsinki, Olimpiki ya kwanza wanawake kuruhusiwa kwenye dresaji (mashindano ya farasi kufuata miondoko iliyopangwa), alitwaa medali ya fedha, na 1956 akatwaa nyingine. Nick Skelton wa Uingereza alivunjika shingo mwaka 2000. Dhahabu ya viunzi ya Rio 2016 aliipata ana miaka 58. Mabavu yako wapi hapo?

Ukining'inia kwenye hatamu, farasi ananyanyua kichwa, mgongo unabonyea, miguu ya nyuma inaburuzika, naye analalia lijamu, kile chuma cha mdomoni. Umempa kitu cha kusukumana nacho, basi anazidi kukimbia.

Wanachofanya mabingwa ni kumkusanya farasi, yaani kufupisha hatua zake bila kumvuta, na ni vigumu kukiona kwenye simu. Ndani ya hatua moja ya shoti, mpandaji anakaza tumbo na kuketi wima, mashavu ya miguu yanagusa mbavu ili miguu ya nyuma iingie chini ya mwili, vidole vinafumba hatamu, kisha vinafumbua. Huko kufumbua ndiko kunakowashinda wengi. Farasi anaelewa pale anapoachiwa mara tu alipoitikia; ukichelewa hatua mbili, umemfundisha kwamba kuitikia hakuna faida. Vitabu vinapanga mkao kwanza, kisha mguu, kisha mkono. Kwa farasi mvivu, sawa. Kwa mwenye wasiwasi, mguu ukitangulia keshaondoka! Huyo naanza naye kwa vidole, na najua walimu wenzangu watanipinga. Sioni kama mpangilio mmoja unafaa kwa wote.

Dresaji inatoa alama 0 hadi 10 kwa kila zoezi, basi. Kwenye viunzi kosa linaonekana kwa macho. Viunzi viwili vikiachana mita 18, toa 1.8 za kutua na 1.8 za kurukia: zinabaki 14.4, yaani hatua nne za mita 3.6. Ukishindwa kumkusanya, hatua zinarefuka, anafika karibu mno na kiunzi, miguu ya mbele inagonga mti wa kiunzi, pointi 4 za adhabu. Watu wanalaumu mruko, wakati kosa lilifanyika hatua tatu nyuma.

Hesabu hiyo ni ya farasi wakubwa kwenye uwanja mgumu kiasi. Kwenye mchanga mzito, na farasi mdogo wa hatua ya mita 3.2, weka mita 16 (1.6 za kutua, 1.6 za kurukia). Pima kwa futikamba baada ya kumpasha mwili, tena asubuhi kabla jua halijakolea, maana farasi aliyechoka kwa joto hatua yake hufupika zaidi.