Ukibadilisha namba, badilisha na chanzo chake

Wengi wanaokuja kwenye mafunzo ya maktaba yetu hapa Dodoma wanakuja na hamu moja tu, kuanzisha makala mpya Wikipedia, na ukiuliza ya nini utasikia ya kijiji chetu au ya mheshimiwa fulani. Sio vibaya. Ila mimi huwa nawaambia kabla hujaanzisha mpya hebu fungua kwanza iliyopo ya wilaya yako uone hali yake, maana Wikipedia ya Kiswahili ipo toka 2003 na makala kibao za kata na wilaya zetu ziliandikwa mistari mitatu minne zikaachwa hivyo hivyo, chini zimebandikwa alama ya mbegu, yaani bado changa zinasubiri mtu azijazie.

Chukua idadi ya watu. Sensa ya 2012 mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588, ya 2022 ikatoa 3,085,625. Sasa anakuja mtu na nia yake nzuri kabisa, anabonyeza Hariri, anafuta namba ya zamani anaweka mpya, anahifadhi, huyo kaondoka. Alichoacha kinasomeka "kwa mujibu wa sensa ya 2012 mkoa ulikuwa na wakazi 3,085,625", na tanbihi bado inaelekeza kwenye ripoti ya zamani! Hapo umeharibu kuliko ulivyokuta, kwa sababu mwanzo taarifa ilikuwa imepitwa na wakati lakini ilikuwa kweli, sasa hivi ni uongo uliobandikwa chanzo, na mtoto wa sekondari ataukopi kama ulivyo kwenye kazi ya darasani. Namba, mwaka na tanbihi vinabadilishwa kwa pamoja. Ripoti za sensa zipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, bure. Na kama mistari ya chini kuna msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba, huo nao upigie hesabu upya. Ukiwa humo humo angalia kama bado imeandikwa Manispaa ya Dodoma kana kwamba ndio hali ya leo, wakati ni jiji toka Aprili 2018.

Sifa ndio ugonjwa mwingine. "Kondoa ni wilaya yenye vivutio vya kipekee na watu wakarimu sana." Nani kaupima huo ukarimu? Futa, andika kwamba michoro ya miambani ya Kondoa iliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, weka tanbihi, msomaji mwenyewe ataona kama ni kipekee au sio.

Swali gumu ninaloulizwa ni la wazee. Mtu amekaa na babu yake huko Bahi au Mpwapwa, kapewa historia ya ukoo nzima, anataka kuiweka, anakuta inaondolewa kwa sababu haijachapishwa popote na Wikipedia haipokei utafiti wako binafsi. Inauma, na kwa kweli kanuni hii inatubana sisi ambao mambo yetu mengi yapo midomoni kuliko vitabuni, lakini bila hiyo kila mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba angeleta babu yake. Kwahiyo mrekodi mzee, mambo yake yatafutiwe kwanza pa kuchapishwa, gazeti au jarida la chuo, halafu mtu mwingine ndio ayanukuu.

Kukopi na kupesti toka tovuti ya halmashauri, hapana. Maandishi ya Wikipedia yanatolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuyatumia tena hata kibiashara ilimradi ataje yalikotoka, na wewe huwezi kugawa ruhusa ya maneno ambayo sio yako. Picha za kuokota Instagram vile vile. Piga yako.

Ukikuta ulichoandika kimerudishwa nyuma usikasirike ukaanza kurudisha tena na tena, mtazungushana wee mwisho mnafungiwa wote. Ingia kwenye Historia ya ukurasa, soma aliyefuta kaandika sababu gani, halafu nenda Majadiliano umuulize kwa adabu na chanzo chako mkononi. Na wewe kile kisanduku cha muhtasari kabla ya kuhifadhi usikiache wazi, "nimeweka namba ya sensa 2022 na tanbihi yake" inatosha.