Rilizi, au jinsi nilivyoifundisha mvua kuitikia kwaya

Mwalimu wa kwaya aliusikiliza wimbo mara mbili, akavua hedifoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, huyu anayewaitikia soprano ni nani?"

Mimi sikuwa nimemsikia mtu. Nikarudisha wimbo nyuma. Kweli, kila mstari ulipoisha na waimbaji wakavuta pumzi, ilikuja shshsh moja nene, ikapanda, halafu ikakatika ghafla walipoanza mstari mwingine. Ilikuwa mvua. Tulirekodia kanisani kwao, upande wa Tukuyu, mwezi wa tatu, chini ya bati lisilo na dari. Nje yalikuwa manyunyu tu, na ukingoja manyunyu yaishe Rungwe mwezi wa tatu hutarekodi hata wimbo mmoja. Mvua ile haikuongezeka hata tone. Niliyeiongeza ni mimi, kwa nobu moja niliyoizungusha kinyume kwenye kompresa, mashine ya studio inayobana sauti inapozidi.

Kompresa yenyewe ni ya mtindo wa 1176. Ya kwangu si ya zamani. Ni nakala niliyoichomelea mwenyewe hapa Mbeya, kijisehemu kwa kijisehemu, kwa kufuata mchoro ambao mafundi wa dunia nzima wamekuwa wakiunakili kwa miaka. Mashine ya asili ilitoka mwaka 1967. Aliyeibuni ni Bill Putnam, Mmarekani aliyeanzisha studio ya Universal Recording kule Chicago kabla ya kuhamishia kazi zake California. Tayari alikuwa na kompresa ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, iliyoitwa 176. Kwenye hii mpya akaziacha valvu, akaweka FET, transista ya aina yake, ndiyo ikawa mlango wa kupunguzia sauti.

Nikiwaeleza vijana wanaokuja kujifunza studio, huwapeleka kwanza Mbarali kwenye mashamba ya mpunga. Fikiria mfereji wenye mlango wa pembeni. Maji yakizidi, mtu anaufungua mlango kidogo, mengine yanamwagika kando, na yanayofika jarubani yanabaki kiasi. FET ni ule mlango wa pembeni. Voltiji ndogo ikigusa mguu wake mmoja, upinzani kati ya miguu mingine miwili unabadilika, na sehemu ya sauti inamwagwa kwenye ethi. Cha kufurahisha ni pale anaposimama mlinzi, yule mtu wa kufungua mlango. Kwenye 1176 hasimami juu ya mfereji akitazama maji yanayokuja. Anasimama upande wa chini, maji yakishapita mlango, anatazama maji ambayo yeye mwenyewe ameshayapunguza, ndipo anaamua afungue zaidi au afunge. Kwa hiyo anajirekebisha muda wote. Nadhani ndiyo sababu sauti inayopita humo haisikiki kama imekatwa kwa panga.

FET ina udhaifu wake: ukiipa sauti kubwa inakwaruza. Kwa hiyo sauti hupunguzwa sana kabla ya kufika pale, halafu inakuzwa upya mbele ya safari, na ukikuza sauti umekuza na mchakarisho wake, ile shshsh ya umeme. Matoleo ya mwanzo yalilalamikiwa kwa hilo. Mhandisi Brad Plunkett, ambaye pia alikuwamo kwenye kubuni ile pedali ya gitaa inayolia "wawa", akatengeneza sakiti ya kupunguza mchakarisho, na tangu hapo jina likaongezwa herufi LN, yaani "low noise", mchakarisho mdogo. Zile nyeusi zinazotamaniwa na kila prodyuza ni za ukoo huo.

Ukikaa mbele yake mara ya kwanza utatafuta nobu ya kuweka kiwango ambacho sauti ikikivuka inaanza kubanwa. Hutaiona. Kiwango kimeshawekwa ndani, na wewe unaisukuma sauti ikifikie. Nobu kubwa ya kushoto ni inputi: ukiiongeza, sauti inaingia zaidi ndani ya mashine na inabanwa zaidi. Nobu kubwa ya kulia ni autiputi, ya kurudishia ukubwa uliopotea. Kati yake na mita, saa yenye mshale wa kuonyesha sauti imebanwa kiasi gani, kuna vitufe vinne vya uwiano: 4, 8, 12 na 20. Ukibonyeza 4, sauti iliyovuka kiwango kwa desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inatoka imevuka kwa 3 tu. Ukibonyeza 20 umeweka ukuta ambao sauti haiuvuki kirahisi, hapo mafundi wanaiita limita. Wapo wanaobonyeza vyote vinne kwa pamoja, jambo ambalo nadhani lilianza kwa utundu tu. Mashine inapagawa, mshale wa mita unarukaruka hovyo, na ngoma iliyorekodiwa kwa maiki ya mbali inatoka kama inapigwa ndani ya pipa linalowaka moto. Kwenye ngoma ni tamu. Kwenye sauti ya mama anayeimba zaburi, tafadhali.

Sasa zile nobu mbili ndogo, ataki na rilizi: muda wa kuidaka sauti ikizidi, na muda wa kuiachia ikipungua. Zina namba 1 hadi 7, na hapa ndipo nilipoanguka: namba 7 ndiyo ya haraka zaidi. Kompresa nyingi nyingine, na programu nyingi za kwenye kompyuta, ukizungusha kulia unaongeza muda. Kwenye 1176 kulia ni kupunguza muda. Siku ile kanisani nilitaka rilizi ya taratibu, nikaizungusha hadi mwisho kulia, nikaridhika, nikaenda kunywa chai.

Ataki ya mashine hii ni ya ajabu. Inaanzia mikrosekunde 20 hadi 800, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kompyuta inayorekodi kwa vipimo 44,100 kila sekunde huipima sauti kila baada ya mikrosekunde 22.7 hivi. Maana yake mashine ya 1967 inaweza kuidaka sauti kabla kompyuta yako haijapima mara ya pili. Lakini tazama na upande wa pili: hata ukiiweka taratibu kabisa haifiki milisekunde moja, sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukiambiwa "weka ataki ndefu herufi za mwanzo zipite", kwenye mashine hii zitapita kidogo sana. Kama unataka herufi zipumue, punguza inputi au tafuta kompresa nyingine.

Rilizi ndiyo yenye uwanja mpana wa kusikika. Ni kutoka milisekunde 50 hadi sekunde 1.1, na huo ni muda ambao sikio la mwanadamu linauishi: silabi, pigo la ngoma, pumzi. Waimbaji wale walikuwa wakivuta pumzi kwa karibu nusu sekunde. Mita ilionyesha nimebana desibeli 10. Kwa rilizi ya milisekunde 50, mara tu walipofunga midomo, mlango wa pembeni ulifungwa wote na kila kilichobaki kikapanda kwa desibeli 10, ambazo kwa sikio ni kama sauti kuongezeka maradufu. Na kilichobaki ni nini? Mvua. Wakirudi kuimba, ataki inaidaka kwa kufumba na kufumbua, mvua inazama. Ndiyo maana ikawa inaitikia kwa zamu, tena kwa mahadhi.

Ningeweka rilizi karibu na sekunde moja, mlango ungekuwa bado uko nusu wazi pumzi inapokwisha, na mvua isingepata nafasi ya kusimama. Na ningebana desibeli 4 badala ya 10, hata mvua ikipanda ingepanda kwa hizo 4 tu. Besi ina kisa kingine: wimbi la besi la hezi 60, yaani linalojirudia mara 60 kwa sekunde, linachukua karibu milisekunde 17 kukamilika, kwa hiyo ukiharakisha ataki na rilizi zote mbili, mashine inaanza kubana na kuachia ndani ya wimbi lenyewe, na besi inakwaruza. Kuna wanaoupenda mkwaruzo huo. Mimi kwenye gitaa la besi la kwaya siutaki.

Utasema ningerekebisha baadaye. Sikuweza, kwa sababu sauti ilipita kwenye mashine kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Kilichobanwa pale hakibanduki.

Neno dogo kuhusu umeme, kwa anayefikiria kununua ya mtumba kutoka Marekani. Mashine hizi zina swichi nyuma ya kuchagua volti 115 au 230. Aliyeniuzia transfoma ya nakala yangu aliniapia kuwa imeshapangwa kwa umeme wetu. Niliamini, nikachomeka, fyuzi ikakata palepale. Bahati nzuri ilikata yenyewe peke yake. Fungua kifuniko, angalia kwa macho yako. Na asubuhi za mwezi wa saba hapa Mbeya, wakati vidole vinakataa hata kushika waya, iwashe mapema uiache ipate moto, kwa kuwa FET hubadilika kwa joto na mshale wa mita hutangatanga kutoka kwenye sifuri mpaka mashine itulie. Usitafute swichi ya kuwashia. Imejificha kwenye vitufe vya mita, cha mwisho kabisa ndicho cha kuzima. Mgeni mmoja studio aliwahi kukibonyeza akidhani anabadilisha mita, katikati ya solo.

Tulirudi kanisani baada ya wiki mbili. Safari hii niliwasogeza waimbaji karibu na maiki, kwani hakuna nobu inayoshinda hatua moja mbele. Uwiano 4, rilizi kwenye 2, inputi nikaishusha hadi mshale ukawa unainama desibeli 3 au 4 pale teno wanapopandisha. Mvua ilinyesha vilevile, na ikabaki nje ilikostahili.

Nyimbo sita tulizirudia. Wa saba, ule wa mazishi, Mwalimu alikataa usiguswe. Alisema akina mama wameusikiliza kwenye simu na wanautaka na mvua yake. Umo kwenye albamu hivyohivyo.