Kwa nini saa ya DOS ilipiga mara 18.2 kwa sekunde, si 20?

Ukishika programu za enzi za DOS, mfumo endeshi wa PC za zamani, utakutana na hii namba kila kona: 18.2. Ndiyo mapigo ya taima ya IBM PC kwa sekunde, yaani pigo moja kila milisekunde 55 hivi. Kila pigo ni intarapti, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inaongeza moja kwenye hesabu ya muda halafu inarudi kazini.

Maelezo yanayozunguka sana ni kwamba mashine zile zilikuwa slo, chipu ya taima haikuweza kwenda zaidi ya hapo. Si kweli hata kidogo. Chipu yenyewe, Intel 8253, ilikuwa inahesabu karibu mara 1,193,182 kwa sekunde tangu PC ya kwanza ya 1981. Ukitaka mapigo 20 unaipa namba 59,659 iihesabu kabla ya kila pigo, ukitaka 100 unaipa 11,932, ukitaka 1,000 unaipa 1,193, na zote zinaenea vizuri kwenye kaunta yake ya biti 16. Wengine wanasema basi inategemea kasi ya prosesa, nayo hapana: PC ya baadaye yenye prosesa ya 486 ya megahezi 33 ilipiga 18.2 ileile kama PC ya megahezi 4.77.

Asili yake ni TV ya Marekani. PC ya kwanza ilikuwa na kristali (kipande kinachotoa mapigo ya umeme yasiyobadilika) ya megahezi 14.31818, mara nne ya masafa ya rangi ya TV za kule, ili kadi ya picha ya CGA iweze kutoa picha ya rangi kwenye TV ya kawaida. Kristali hiyo moja ikagawiwa wote: gawa kwa 3 unapata kasi ya prosesa, gawa kwa 4 unapata rangi, gawa kwa 12 unapata taima. Kwahiyo hata PC iliyofika Nairobi au Dar, ambako TV zilikuwa za mfumo mwingine, PAL, ilipima muda kwa namba ya TV za Wamarekani, na hilo mimi naona ni zuri ajabu.

Sasa fikiria bomba linalodondosha matone kwa kasi isiyobadilika, chini yake kuna chombo, kikijaa mtu anapiga kelele na kukimwaga kianze upya. Matone ni ile 1,193,182 na huwezi kuyagusa, unachochagua wewe ni ukubwa wa chombo. BIOS, programu ya msingi iliyomo ndani ya PC, iliweka ndoo kubwa kuliko zote, matone 65,536, na hapo ndipo 18.2 inapotoka. Ndoo hii ina faida moja tamu: ndoo 65,536 zinajaa kwa sekunde 3,599.6 hivi, karibu saa nzima kasoro chembe, kwahiyo nusu ya juu ya hesabu ya BIOS, inayoongezeka moja kila ndoo 65,536, inakaribia kuwa saa zenyewe.

Gemu iliyotaka muda wa uhakika iliondoa ndoo ikaweka kikombe. Unatuma 36h (h ni alama ya namba ya heksadesimali) kwenye poti 43h, yaani anwani ya kuongea na chipu, kisha baiti ya chini na ya juu ya namba yako kwenye poti 40h, unaelekeza intarapti ya 8 kwenye kodi yako. Tatizo ni kwamba BIOS bado inaamini kila kelele ni ndoo nzima, ukiiamsha kwa kila kikombe cha 1,193 saa ya DOS inakimbia mara 55, umecheza lisaa limoja na kompyuta inadhani siku mbili zimeshapita, na mota ya flopi nayo inazimwa mapema kwasababu inahesabiwa na mapigo hayohayo. Usipoiamsha kabisa, saa inaganda. Dawa ni kujumlisha vikombe mpaka vifikie 65,536 ndio uite kodi ya BIOS, na yale matone yaliyozidi unayabeba kwenda raundi inayofuata, usiyamwage, maana 65,536 haigawanyiki sawasawa kwa 1,193 na ukiyapoteza saa itasogea taratibu bila wewe kujua. Pale ambapo huiiti BIOS, lazima wewe mwenyewe utume 20h kwenye poti 20h kukiambia kidhibiti cha intarapti kwamba umemaliza, la sivyo hutasikia pigo lingine.

Walioogopa usumbufu huu walipima muda kwa kuzungusha lupu tupu, na hilo ndilo lililowaumiza mashine zilipopata kasi. Lugha ya programu ya Turbo Pascal ilihesabu lupu ngapi zinaingia kwenye pigo moja halafu ikagawa kwa 55, prosesa za mwishoni mwa miaka ya 90 zikatoa jibu lisiloenea kwenye biti 16, programu ikafa na eraa 200 kabla hata haijaonyesha kitu.

Ila mapigo 1,000 siyo ahadi kamili. Kodi ikizima intarapti kwa muda mrefu, kidhibiti kinakumbuka pigo moja tu linalosubiri, yakija mawili moja limepotea. Ukitaka kupima kitu kifupi sana ni salama zaidi kusoma kaunta yenyewe, na unapotoka kwenye programu rudisha sifuri kwenye poti 40h, ambayo chipu inaisoma kama 65,536.