"Bandari Ikikamilika Tutatajirika": Dhana Zinazotupotezea Muda Lamu

Juma hili tena, kwenye mkutano wa wavuvi Kizingitini, kisiwani Pate hapa Lamu, nimeambiwa: "Bandari ikikamilika, umaskini utaondoka wenyewe." Kauli hii naisikia tangu kabla gati la kwanza la Bandari ya Lamu halijafunguliwa Mei 2021, na nimechoka kuijibu kwa upole.

Bandari haigawii majirani pesa. Meli kubwa ikifunga gati na makontena yakahamishiwa meli ndogo, kazi hiyo ni ya kreni na watu wachache wenye ujuzi. Mvuvi wa Faza hapati hata senti. Na huko kukamilika kwenyewe bado ni mbali: mpango ni magati 32, yaliyojengwa ni 3. Tena mvuvi ndiye aliyetangulia kuumia: mlango wa bahari ulichimbwa, sehemu zake za kuvulia zikaharibika, hata Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76.

Na huku tukingoja, mali inatuozea mikononi. Asubuhi ya mkutano huo nilimwona kijana akishusha nguru mkubwa, macho yameingia ukungu, mashavu yamekuwa ya kahawia. Alimvua usiku, akamlaza chini ya turubai bila barafu. Tajiri, yaani mnunuzi wa samaki, akambonyeza nguru tumboni, akataja bei ya kutupa. Kijana akakubali; angemweka wapi hadi kesho? Nawaambia kila siku: kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, tangu anapotoka majini. Huna sanduku? Chukua friza kuukuu iliyokufa mota, isafishe, ziba nyufa, ipakie mashuani. Lau bajeti ya kaunti ingekuwa mikononi mwangu, mashine ya barafu na umeme wake vingetangulia jengo lolote la ofisi.

"Mikoko ni pori tu." Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na humo ndimo kamba na kaa wanamokulia. Ukiifyeka, mwakani usiulize kamba wamekwenda wapi.

"Tulipokataa makaa ya mawe tulikataa maendeleo." Hapana. Leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa hapa Lamu ilifutwa Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kudai kuulizwa ni haki yetu.

"Vijana hawaitaki bahari." Hii ndiyo inayoniuma. Yule wa nguru alikuwa amekesha majini, na alasiri nilimkuta ufuoni akitia mafuta kwenye injini, arudi tena usiku ule.