Ufaransa haikutaka kuufuta Uislamu Algeria, ilitaka kuushika

Kila zikija habari za Algeria chini ya ukoloni wa Ufaransa, hakosi mtu wa kusema Wafaransa walikwenda kuufuta Uislamu na masheikh wote wakasimama kidete dhidi yao. Jamani, nimechoka kulijibu hili.

Ni kweli, mwaka 1832 msikiti wa Ketchaoua mjini Algiers uligeuzwa kanisa. Lakini kilichouma zaidi, na kwa miaka mingi zaidi, ni kutwaliwa kwa wakfu, yaani mali zilizowekwa kwa ajili ya dini. Kodi za nyumba, maduka na mashamba yale ndizo zilizokuwa zikimlisha imamu, mwadhini na mwalimu wa chuo cha Kurani. Mali ilipokwenda serikalini, imamu akawa anasubiri mshahara wa serikali, na anayelipa ndiye anayeteua. Hapo humhitaji tena mtu wa kuvunja msikiti.

Mwaka 1905 Ufaransa ikapitisha sheria ya kutenganisha dini na dola. Algeria ililetewa kwa amri ya 1907, ikiwa na mlango wa nyuma: gavana aliruhusiwa kuendelea kuwalipa viongozi wa dini kwa muda. Muda ukawa unaongezwa tu. Sasa angalia nani aliyesimama kudai utengano wa kweli: Jumuiya ya Maulamaa, yaani wanazuoni wa Kiislamu wa Algeria, iliyoundwa Mei 1931 chini ya sheikh Ben Badis wa mji wa Constantine! Walitaka misikiti na wakfu virudi mikononi mwa Waislamu. Februari 1933 ukatoka waraka uliotiwa saini na Michel, ofisa wa utawala wa Algiers, kuwazuia wahubiri wasioajiriwa na serikali wasihubiri misikitini. Dola isiyo na dini ikawa ndiyo inayoamua nani apande mimbari.

Na huo "umoja wa masheikh"? Mwaka 1838, akiwa katika mapatano na Wafaransa, Amiri Abdulkadir, kiongozi wa vita dhidi ya Wafaransa na mtu wa tarika ya Kadiriya, aliuzingira mji wa Ain Madhi kwa miezi kadhaa. Ndani walikuwa Watijani, watu wa tarika nyingine, Waislamu wenzake, waliokataa kumtii. Viongozi wao baadaye walielewana na Wafaransa, na mimi sishangai.

Ninapokwama ni kwa wale maimamu wa mshahara. Maulamaa waliwaona vibaraka, na vitabu vingi vinafuata hukumu hiyo. Mimi siiamini sana. Wakfu ulikwishachukuliwa, na watu bado walihitaji wa kuwasalisha na kuwazikia maiti wao.