Supu ya Mboga Haimwagwi: Dhana Potofu Kuhusu Mboga za Kienyeji

Wiki iliyopita, katika kliniki ya lishe ninakohudumu hapa Kisumu, mama mjamzito aliyepatikana na upungufu wa damu alinieleza kwa fahari kwamba yeye hula osuga, yaani mnavu, na dek, yaani mgagani, karibu kila siku. Nilipomuuliza anavyozipika, alinipa jibu ninalolisikia kila juma: huzichemsha kwa maji mengi pamoja na kijiko cha magadi hadi zilainike kabisa, humwaga maji hayo, hutia mengine, huchemsha tena, na mwisho ndipo huzikaanga. Mama huyu alikuwa amenunua mboga bora kuliko zote zilizopo katika soko la Kibuye, akatumia karibu saa nzima na makaa yasiyo haba, halafu akamwaga nje sehemu kubwa ya kile alichokihitaji yeye na mtoto aliye tumboni.

Hii ndiyo dhana inayonisikitisha kuliko zote: kwamba mboga za kienyeji haziivi bila magadi, na kwamba maji yake ni machafu au yana sumu. Ukweli ni kwamba vitamini C na foleti huyeyuka katika maji, kwa hiyo jani likichemka kwa muda mrefu katika sufuria iliyojaa, virutubisho hivyo huhamia kwenye supu, na anayeimwaga supu huvimwaga pamoja nayo. Foleti ndiyo hiyo hiyo tunayowapa wajawazito kwa vidonge. Magadi nayo huongeza hasara, kwa kuwa ni alkali: hulegeza kuta za chembe za jani, ndiyo maana mboga hulainika upesi, lakini alkali hiyo hiyo huharakisha kuharibika kwa vitamini C na kuvunja vitamini B1. Madini ya chuma kwa kiasi kikubwa hubaki kwenye jani, ila mwili hufyonza chuma cha mimea kwa shida pasipo vitamini C, na vitamini hiyo tayari imekwisha kuharibiwa. Hivyo mtu anaweza kula dek kila siku na bado damu yake isipande inavyotarajiwa.

Linalowadanganya wengi ni rangi. Magadi huifanya mboga ibaki kijani cha kung'aa, na macho yakiona kijani hicho husema mboga ni mbichi na ina nguvu, ilhali rangi hiyo haituambii lolote kuhusu vitamini zilizobaki. Isitoshe, magadi yamejaa sodiamu, jambo ambalo wagonjwa wangu wa presha hulisahau: mtu amepunguza chumvi mezani kwa uaminifu, kisha sodiamu inamrudia kupitia mboga. Magadi yetu huwa pia na floraidi nyingi, na sisi tunaoishi karibu na Bonde la Ufa tunayajua meno ya kahawia ya watoto waliokua wakiipata kupita kiasi.

Mara nyingi akina mama wazee hunijibu, "Nyathina, mwanangu, sisi tulilelewa kwa mboga ya bala, yaani ya magadi, na tumezeeka." Nami huwajibu kwa heshima, "Dana, bibi yangu, ni kweli, lakini mlikula pia maziwa, samaki na matunda ya porini, na mboga mlizikuta kiangazi zikiwa zimekomaa na ngumu." Wala sisemi kwamba kumwaga maji ni kosa siku zote. Kisamvu lazima kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na mgonjwa aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti anafanya vyema kuchemsha mchicha na kuyamwaga maji yake. Hizo ni hali mahususi, na hazipaswi kugeuzwa kuwa sheria ya kila sufuria. Apoth, yaani mrenda, huteleza kwa asili yake. Ukiupika pamoja na majani ya kunde na kuukoroga, utateleza bila magadi wala munyu wa majivu.

Ushauri wangu ni huu: vuna au nunua majani machanga, yaoshe kabla ya kuyakata, weka maji kidogo tu, funika, na epua mara yanapolainika. Ikiwa uchungu wa osuga unakushinda, changanya na ododo, yaani mchicha, au tafuta aina yenye majani mapana, ambayo si chungu sana. Tia mafuta kidogo, maana vitamini A ya mboga haifyonzwi vizuri bila mafuta. Mwenye upungufu wa damu akamulie limau badala ya kumimina maziwa mengi, na chai ainywe saa moja au zaidi baada ya mlo.

Kuhusu bitiruti, ambayo wengi huamini kuwa huongeza damu, nitasema kwa kifupi: wekundu wake si damu. Gramu 100 za bitiruti zina takribani miligramu 0.8 ya chuma, wakati mchicha una zaidi ya miligramu 2, na huuzwa kwa bei nafuu. Wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, nao wasiache mboga za kijani ghafla kwa sababu jirani amewatisha. Wale kiasi kisichobadilikabadilika, na wamweleze daktari wao.

Kisha kuna wanaosema kwamba mtu wa mitaa yetu yenye msongamano kama Manyatta au Nyalenda hawezi kulima kwa kuwa hana shamba. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi iliyooza, likiwa na nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji na matundu ubavuni ya kupandia, hulisha nyumba kwa miezi. Wengine hupanda mrenda, hauoti, wakamlaumu muuza mbegu, kumbe ganda la mbegu hiyo ni gumu na linahitaji kuchovywa katika maji ya moto kwa sekunde chache kabla ya kupandwa. Dek ikianza kutoa maua, yakate mapema, nayo itaendelea kutoa majani.

Furaha ya gunia hilo ni kwamba mboga husafiri hatua kumi tu hadi jikoni. Jani huanza kupoteza vitamini C tangu linapochumwa, na lile lililoshinda juani sokoni limekwisha kupoteza nyingi, ndiyo sababu mama yule nilimwambia awashe jiko kwanza, kitunguu kikishaanza kuiva ndipo atoke kwenda kuchuma.